ALT ikishuka, someni na mistari mingine

Mnaouguza mzazi mwenye ugonjwa wa ini, mkisoma majibu ya damu msiishie kwenye ALT na AST, yaani vipimo vya vimeng'enya vya ini. Vipimo hivyo huonyesha seli za ini zinavyoumia, si uwezo wa ini kufanya kazi. Ini lililojaa makovu laweza kutoa ALT ya kawaida kabisa huku mgonjwa yuko hoi. Kazi yenyewe itazameni kwenye albumini (protini inayotengenezwa na ini; ikishuka, miguu na tumbo huweza kuvimba), bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huiondoa kwenye damu; ikipanda sana, macho huwa ya njano) na INR, kipimo cha damu kuganda. Karatasi zote ziwekeni kwenye faili moja kwa tarehe, maana daktari hutazama mwelekeo. Ila mgonjwa akichanganyikiwa au akitapika damu, msingoje majibu ya maabara: mkimbizeni hospitali, hata kama ni usiku wa manane.