Kucheza Wipeout bila kulamba ukuta kila kona

Mwana wa dada yangu alinifunga mara kumi na moja mfululizo kabla sijajua kosa langu liko wapi. Mchana naendesha tuktuk hapa Mombasa, Bombolulu na Kongowea, usiku nikishafunga hesabu nakaa mbele ya PS4 ya mtumba nacheza Wipeout Omega Collection, gemu ya mbio za vyombo vinavyoelea, ile iliyotoka mwaka 2017. Nilijiona mjuzi. Mtu anayepenya foleni ya Daraja la Nyali atashindwa na mtoto wa gredi ya saba? Nilishindwa, tena kwa aibu.

Kabla hujashika padi, ingia kwenye mipangilio ya televisheni uweke hali ya gemu. Bila hiyo picha huchelewa kidogo. Kwenye gemu ya mpira huenda usihisi, lakini hapa chombo kitakuwa kimeshagonga wakati wewe ndio kwanza waiona kona. Halafu ondoa kile kitambaa cha kufuma ambacho mama amekitandaza juu ya mashine. Mambo ya fenicha hayo. Kwa joto letu la Februari, mashine iliyofunikwa hulia kama kinu cha posho kisha hujizima.

Vitufe ni vichache. X ni mafuta. Mraba hufyatua silaha uliyookota njiani. Duara huimeza silaha hiyo na kuigeuza nguvu ya ngao, na wanaoanza wengi hukisahau kitufe hiki hadi wanalipuka. L2 na R2 ni breki za hewa, kushoto na kulia, na hapo ndipo penye gemu yote.

Chukua chombo cha Feisar, ni kitiifu kwenye kona. Mimi siku hizi natumia Assegai, kwa jina tu: assegai ni mkuki wa Kiafrika, na rangi yake yanipendeza. Anza daraja la kasi la Venom. Baadaye kuna Flash, Rapier na Phantom, usiziguse mwezi huu. Ule msaada wa rubani unaokusukuma mbali na ukuta uache siku mbili tatu, kisha uzime, kwa sababu unakushika mkono hata pale unapojua njia.

Sasa kona. Kosa langu lilikuwa la kidereva: nikiona kona naachia mafuta, nakata usukani wote, nagonga, naanza upya. Chombo hiki hakina magurudumu, kinaelea, kwa hivyo ukikata usukani peke yake omo, yaani pua ya chombo, hugeuka lakini mwili unaendelea kuteleza kule kule. Fanya hivi: kona ya kulia ikikaribia, usiachie X. Bonyeza R2 taratibu mapema kidogo, kabla hujafika, na usukani uelekeze kulia. Omo ikishaangalia pale unapotaka kutokea, achia R2 hapo hapo, usingoje kona iishe. Ukichelewa kuachia, utalamba ukuta wa ndani. Kona kali sana, gonga R2 mara mbili haraka, chombo kitaruka ubavu kwenda kulia. Kijana alikuwa akifanya hivyo mbele ya macho yangu nami nadhani ni bahati.

Ukiruka mlima na uko hewani, peleka kijiti kushoto, kulia, kushoto, upesi. Chombo kitapinduka kama samaki na ukitua utasukumwa mbele kwa kasi. Kupinduka huko kunakula ngao, kwa hivyo ikiwa imebaki kidogo usithubutu. Silaha zenyewe sizipi uzito. Turbo, ile ya kuongeza kasi, itunze mpaka njia inyooke. Rubani wa kujiendesha mtumie kwenye kona inayokushinda.

Mazoezi yangu nilifanya peke yangu Vineta K, njia ya baharini, kwenye mbio za saa, bila maadui. Mizunguko ishirini kila usiku kabla ya kulala. Kisha Zone: huko chombo kinajiongezea kasi chenyewe, kazi yako kupinda tu hadi ngao iishe. Inafunza macho kutazama mbali badala ya kukodolea chombo. Ila taa zake zinawakawaka sana. Mwenye kifafa asikae karibu na gemu hii.

Na mikono ioshwe. Padi yangu ya kwanza kijiti chake kilianza kushika kwa mafuta ya viazi karai na ukwaju, nikanunua nyingine kwa pesa za siku mbili za barabarani.

Sasa tunagawana skrini kila Jumamosi, anayeshindwa analipa viazi. Tuko kumi na moja kwa nne. Juzi ameniuliza, "Mjomba, breki unaishika wapi?" Nikamwambia, kula viazi vyako.