Friji haiui listeria, chemsha maziwa kwanza

Huku Moshi wengi tunaletewa maziwa asubuhi na jirani mwenye ng'ombe, tunayatia kwenye friji tukiamini baridi itamaliza kazi. Bakteria wengi baridi huwapunguza kasi kweli. Listeria, bakteria anayeweza kuwamo kwenye maziwa mabichi, hayuko hivyo: huendelea kuzaliana polepole hata kwenye nyuzi joto 4. Kinachomuua ni moto. Kwa hiyo yachemshe kwanza, hata yale ya kugandisha mtindi, ndipo yaingie kwenye friji.

Mtu mzima mwenye afya njema mara nyingi huharisha kidogo na kupona. Wanaoumia ni wajawazito, vichanga, wazee na wenye kinga dhaifu, maana kwao bakteria huyu anaweza kufika kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Mjamzito mwenyewe anaweza kuhisi kama ana mafua tu, kumbe mtoto tumboni yuko hatarini. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Soseji na poloni (soseji nene ya kukatwa vipande) nazo zipikwe mpaka moto ufike ndani. Mlipuko wa Afrika Kusini wa 2017 hadi 2018, uliotokana na poloni, uliua watu zaidi ya 200.

Dalili zinaweza kuchelewa wiki kadhaa. Ukiona homa, kichwa kinauma sana na shingo imekakamaa, wahi hospitali, na useme mapema kama mgonjwa ni mjamzito au mzee: seftriaksoni, dawa inayotumika sana kwa homa ya uti wa mgongo, haimuui listeria, hivyo daktari huongeza ampisilini.