Kifuko cha Kiunoni cha Vifaa Vidogo vya Gofu: Namna ya Kukishona Kikaweza Kustahimili Hewa ya Malindi

Kanuni za gofu zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, na fimbo hizo zina begi lake. Tabu huanzia kwenye vitu vidogo visivyo na makao maalumu: tii (kijiti cha kuinulia mpira kabla ya kuupiga), uma wa kurekebishia grini (eneo la nyasi fupi linalozunguka shimo), sarafu ya kuwekea alama mahali pa mpira, na penseli ya kujazia kadi ya matokeo. Vikichanganywa mfukoni na funguo na simu, hasara yake huonekana kwenye grini kabla ya kuonekana mahali pengine, kwa sababu mtu anayelazimika kupekua mifuko miwili ili aupate uma mara nyingi huamua kupiga mpira wake na kwenda zake, akakiacha kishimo alichokichimba mpira kikiwa wazi kwa ajili ya wanaomfuata. Ndiyo maana kifuko kinachoelezwa hapa kina kusudi moja lililo mbele ya mengine yote: uma utoke na urudi mahali pake kwa mkono mmoja, bila kutazama.

Kabla ya kukata ngozi, amua kwa ukali ni vitu gani vitakaa kiunoni. Kwa maoni yangu ni hivi tu: tii nne, penseli moja fupi, uma mmoja na sarafu moja. Mpira wa akiba usiingie katika hesabu hii. Kanuni zinataka mpira uwe na kipenyo kisichopungua milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93, na kitu cha ukubwa huo kikining'inia kwenye mkanda huyumba kila unapozungusha kiuno. Mfuko wa suruali unautosha. Kipimo cha umbali huuzwa na mfuko wake, na brashi ya kusafishia mifereji ya fimbo ina nafasi nzuri zaidi kwenye begi, karibu na fimbo zenyewe.

Sarafu ina sababu ya kikanuni ya kuwa karibu na mkono. Anayeuokota mpira wake kwenye grini bila kwanza kuuwekea alama hupata adhabu ya pigo moja. Kanuni inakubali alama iwe sarafu, tii au kitu kingine kidogo kilichotengenezwa na binadamu, hivyo jani au kijiti ulichokiokota hapo hapo hakikubaliki. Huna haja ya kununua alama ya dukani. Shilingi moja ya Kenya iliyotolewa mwaka 2018, ile yenye picha ya twiga, ni nyembamba, hulala vizuri juu ya nyasi, na haimkwazi mwenzako anapopiga mpira wake.

Sasa tuje kwenye vifaa vya kutengenezea, na hapa mtu wa Pwani hawezi kufuata tu maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Nairobi au Ulaya. Hewa ya Malindi ina chumvi mwaka mzima, na upepo wa kusi unapovuma kutoka baharini chumvi hiyo huganda juu ya kila kitu. Jasho nalo huongeza chumvi yake, na mchanga laini hujipenyeza kila palipo na upenyo. Zipu hukwama. Kishikizo cha chuma kilichopakwa rangi ya fedha hupendeza dukani, kisha rangi hubanduka na kutu ikaanza. Kibaya zaidi, kutu hiyo ikikutana na ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya magome, huacha doa jeusi lisilotoka, kwa sababu tanini iliyomo ndani ya ngozi hushikana na chuma na kuwa kama wino. Kwa hiyo kama utahitaji ribiti, tumia za shaba nyekundu au shaba ya manjano. Shaba hufanya ukijani juu yake, lakini hailiki upesi kama chuma, na ukijani huo hutoka kwa kufutwa na kitambaa chenye maji ya ndimu. Uma wenyewe nao uwe wa chuma kisichoshika kutu, au hata wa plastiki ngumu.

Ngozi inayofaa ni ile ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Gome la mkoko ni mojawapo ya magome yanayofaa kwa kazi hiyo, na zamani lilipakiwa katika pwani hii kupelekwa viwanda vya ngozi vya ng'ambo. Ngozi iliyotengenezwa kwa kemikali za kromu ni laini na haiogopi maji, lakini haishiki umbo, na sisi tunahitaji ishike umbo la uma na la tii. Ukifika kwa fundi viatu usimuulize jina la ngozi tu; mwombe akuonyeshe ukingo uliokatwa. Ile ya magome huwa na rangi ya kahawia hadi ndani, na tone la maji likidondoshwa juu yake, pale linapoangukia huwa peusi kidogo mara moja. Ile ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au ya samawati katikati ya ukingo. Chukua kipande chenye unene wa milimita 2.5 kwa ajili ya mgongo wa kifuko, na kingine cha milimita 1.5 kwa ajili ya vitanzi na ala ya uma.

Mgongo ukatwe upana wa sentimita 11 na urefu wa sentimita 13, na pembe zote nne ziviringwe ili zisikuchome nyongani unapoinama kuutoa mpira shimoni. Urefu huo una sababu. Tii inayotumiwa zaidi ina urefu wa milimita 70, na ikisimama katika kitanzi chake ncha yake ni lazima iishie juu ya ngozi, isichungulie chini na kukudunga paja. Kama unatumia tii ndefu zaidi, ongeza urefu wa mgongo kwa kadiri hiyo; kikomo cha kikanuni cha tii ni milimita 101.6, lakini anayeenda na tii za urefu huo hana budi kukubali kifuko kirefu kinachogonga paja anapotembea.

Kazi inayohitaji subira ni vitanzi vya tii, na fundi wengi huiharibu kwa kupima kwa rula. Usipime, tumia tii zenyewe. Kata ukanda wa upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 13, uloweke katika maji yasiyo ya chumvi mpaka ulainike, kisha uulaze juu ya mgongo, sentimita tatu na nusu kutoka ukingo wa juu. Shona upande wa kushoto wa ukanda kwanza. Chukua tii iliyopakwa nta ya mshumaa ili isinyonye maji, ipitishe chini ya ukanda, ibane kwa kidole gumba, na upige mstari wa mshono karibu kabisa na mti wake. Endelea hivyo na ya pili, ya tatu na ya nne. Kitanzi cha tano ni cha penseli, nacho kibanwe zaidi kwa sababu penseli haina kichwa cha kuizuia isiteleze. Acha tii na penseli humo humo mpaka ngozi ikauke kabisa kivulini. Usijaribu kuharakisha kwa kuianika juani, maana jua huikaza ngozi ikapasuka mikunjoni. Ikishakauka, kila kitanzi kitakuwa na umbo lake, na tii itatoka kwa kuvutwa kidogo lakini haitadondoka hata ukikigeuza kifuko chini juu na kukitikisa. Hicho ndicho kipimo cha kazi nzuri. Ikidondoka, fumua uanze upya.

Ni jambo la kustaajabisha kwamba tii, kitu kidogo namna hii, haikuwapo kwa karne nyingi za gofu. Wachezaji walikuwa wakifinyanga kichuguu cha mchanga mbichi ili kuuinua mpira, mpaka George Grant, daktari wa meno wa Boston, alipopata hataza ya tii ya mti mwaka 1899. Aliyeifanya iuzwe kwa wingi ni daktari mwingine wa meno, William Lowell wa New Jersey, katika miaka ya 1920.

Ala ya uma ikae upande wa kulia wa mgongo, au upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kushoto. Kata kipande cha upana wa sentimita 5 na urefu unaoacha sentimita 2 za mpini wa uma zikiwa nje. Huo ndio mshiko wa vidole viwili, na ukiupunguza utaanza kukwaruza kwa kucha. Lowesha ngozi, iweke juu ya uma, na uibonyeze kwa upande wa nyuma wa kijiko mpaka umbo la meno yake lionekane. Usiweke kifuniko juu ya ala. Wengi hupenda kifuniko kwa kuwa kinapendeza, ila kila kifuniko ni hatua moja zaidi kati ya mkono na uma, na hatua moja zaidi inatosha kumfanya mtu aliyechoka katika shimo la 16 aseme atarekebisha grini siku nyingine.

Sarafu ipewe mfuko wake mdogo juu ya uso wa ala, wenye kina kinachoificha nusu tu ya sarafu, ili kidole gumba kiisukume juu bila kutafuta. Wako wanaopenda sumaku nyembamba iliyofichwa kati ya ngozi mbili. Inafanya kazi vizuri, mradi uijaribu sarafu yako kwanza kama inanaswa, uizibe sumaku pande zote kwa gundi isiyopitisha maji kwa kuwa sumaku kali huoza upesi ikiingiwa na chumvi, na uiweke mbali na kadi za benki. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asitumie sumaku kabisa.

Mshono wote uwe wa mkono na wa sindano mbili. Mshono wa cherehani una nyuzi mbili zinazokamatana katikati, na uzi mmoja ukikatika mshono huweza kufumuka. Ule wa sindano mbili hupitisha uzi katika kila tundu kutoka pande zote mbili, kwa hiyo hata uzi ukikatika mahali pamoja, sehemu zilizobaki hushika. Chora mstari milimita 3 kutoka ukingoni, toboa matundu kwa msharasi kila baada ya milimita 4, na ukate uzi wenye urefu mara nne ya mshono wenyewe. Uzi uwe wa poliesta uliopitishwa katika nta ya nyuki; wa pamba huoza wakati wa masika. Ukifika mwisho, rudi nyuma matundu matatu kabla ya kukata.

Nyuma ya mgongo shona ukanda wa upana wa sentimita 4, juu na chini, ukiacha nafasi ya sentimita 5 kwa ajili ya mkanda wa suruali. Klipu za chuma hazifai hapa: hukamata shati, huachia mtu anapochuchumaa, na hulia. Kifuko kikae nyuma kidogo ya nyonga ya mkono unaoutegemea. Kivae, kisha zungusha fimbo mara kadhaa kwa nguvu zako zote, na usikilize. Kikigongagonga, songa vitanzi au punguza ulichobeba, kwa maana sauti ndogo wakati mwenzako anaulenga mpira ni kero ambayo kwa adabu hatakwambia.

Asiyepata ngozi anaweza kumpelekea fundi cherehani turubai nzito na kumwomba ashone ramani hiyo hiyo, vitanzi vikiwa vya mpira wa kuvutika. Kitakuwa chepesi na kitafulika, ingawa vitanzi hivyo hulegea upesi na itabidi vibadilishwe.

Kifuko kikiwa tayari, uma utumike inavyotakiwa. Tangu mwaka 2019 kanuni zinaruhusu kurekebisha karibu uharibifu wote uliofanywa kwenye grini, zikiwemo alama za viatu, kwa hiyo hakuna sababu ya kusitasita. Ingiza meno nje kidogo ya ukingo wa kishimo, kwa mshazari, na uyasukume majani kuelekea katikati. Fanya hivyo kuzunguka pande zote, kisha sawazisha kwa kukandamiza kwa fimbo unayopigia kwenye grini. Usiupenyeze uma chini ya kishimo na kuinua kama unayeng'oa muhogo, kwani mizizi hukatika, udongo hubaki wazi, na pale majani hufa yakaacha doa kavu. Kishimo kilichozibwa vizuri na mapema hupona ndani ya siku chache, lakini kilichoachwa hivyo huchukua wiki kadhaa.

Baada ya mchezo toa kila kitu, kung'uta mchanga, na ufute ngozi kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji matamu na kukamuliwa. Uma usirudishwe ukiwa na udongo, kwa sababu udongo wenye unyevu ndani ya ala ndio mwanzo wa ukungu. Kila baada ya miezi miwili au mitatu, na bila kukosa kabla ya masika, pasha moto nta ya nyuki pamoja na mafuta kidogo ya nazi mpaka ziyeyuke, paka safu nyembamba, kisha sugua kwa kitambaa kikavu mpaka mkono usinate. Kagua mshono wa juu wa ukanda wa nyuma kila unapopaka nta, maana ndio unaobeba uzito wote; ukiona uzi umeanza kuchakaa, anza kushona upya matundu matatu kabla ya pale palipochakaa na umalizie matundu matatu baada yake.