Kusafiri kwa Ndege na Silaha Iliyofungiwa Sandukuni Kutoka Mwanza

Mmiliki halali wa silaha anayetaka kusafiri nayo kutoka Uwanja wa Ndege wa Mwanza, awe anakwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya kulenga shabaha au anahama kikazi, hukuta mtandaoni maelekezo mengi ambayo karibu yote yameandikwa kwa ajili ya Wamarekani. Maelekezo hayo yanamfaa katika jambo la sanduku, lakini hayamfai katika nyaraka wala katika taratibu za uwanjani. Marekani abiria huitangaza silaha yake kwenye kaunta ya shirika la ndege. Kwetu mizigo hupitishwa kwenye mashine ya eksirei mlangoni, kabla abiria hajaifikia kaunta yenyewe, na kwa sababu hiyo mwenye silaha anapaswa kusema kabla mashine haijasema.

Tuanze na nyaraka, kwa kuwa ndizo zinazochukua muda. Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni hutolewa kupitia Jeshi la Polisi. Hakikisha kwamba leseni yako haijaisha muda, kisha keti mahali penye mwanga na ulinganishe namba iliyogongwa kwenye chuma cha silaha na ile iliyoandikwa kwenye leseni, tarakimu kwa tarakimu, kwa sababu nane iliyofutika kidogo husomeka kama herufi B, na sifuri huandikwa kama O na karani mwenye haraka. Tofauti ya aina hiyo hurekebishwa kwa utulivu kituoni; ikigunduliwa uwanjani saa moja kabla ya ndege kuondoka, safari imekwisha. Baada ya hapo nenda kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya yako, mweleze unakokwenda, tarehe ya kwenda na ya kurudi, na umwombe kibali cha maandishi kinachotaja silaha hiyo kwa namba yake na idadi ya risasi. Toa nakala za nyaraka zote, na zisikae ndani ya sanduku la silaha. Zinashikwa mkononi.

Shirika la ndege lipewe taarifa kabla hujalipia tiketi, wala si usiku wa kuamkia safari. Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ambacho kinahusu usalama, kinataka silaha ikubaliwe tu baada ya mtu mwenye mamlaka na ujuzi kuthibitisha kwamba haina risasi, na kisha iwekwe mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuifikia wakati ndege iko angani. Sharti hilo la pili ndilo linaloufanya uchaguzi wa ndege kuwa jambo zito kwa sisi wa Kanda ya Ziwa. Airbus A220 ina sehemu ya mizigo chini ya sakafu ya abiria, hivyo hakuna ugumu. Ndege ndogo ya Cessna Caravan ina nafasi ya mizigo nyuma ya viti vya abiria, ambako mkono unaweza kufika, na baadhi yake zina kasha la mizigo lililofungwa chini ya tumbo la ndege. Isiyo na kasha hilo inaweza kukukatalia, na rubani atakuwa na haki. Uliza ni ndege ya aina gani itakayopangwa siku hiyo, uliza kama sanduku linahesabiwa ndani ya kilo zako au linatozwa peke yake, na uombe jibu la maandishi, hata kama ni barua pepe ya mistari miwili, kwa sababu mtu uliyezungumza naye kwa simu huenda asiwe zamu.

Sasa sanduku. Linatakiwa liwe gumu pande zote, lisiwe begi la turubai, na kasha la plastiki jepesi ambalo silaha ilinunuliwa nalo mara nyingi halitoshi. Jaribio langu ni rahisi: lifunge sanduku kwa kufuli zake zote, liweke sakafuni, halafu ushike kona ya kifuniko na kuivuta juu kwa nguvu. Kama kidole kinapenya, au ukiona sponji ya ndani, sanduku hilo halijafungwa hata likiwa na kufuli kumi. Sanduku refu la bunduki huwa na matundu kadhaa ya kufuli, na kila tundu lipate kufuli yake, kwa maana kufuli moja katikati huziacha kona zikifunuka. Mimi huchagua kufuli za chuma zinazofunguliwa kwa ufunguo mmoja kuliko zile za namba, kwa sababu mezani kwa mkaguzi hakuna anayefurahia kumngoja mtu akumbuke namba nne. Ufunguo ukae mwilini mwako safari nzima. Ukiuweka kwenye begi jingine linalokwenda na mizigo, umejifungia nje, na kumwachia mtu mwingine yeyote ufunguo huo kunaondoa maana yote ya kufuli.

Ndani ya sanduku, silaha iwe tupu kabisa: magazini imetolewa, chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa, imetazamwa kwa macho na kuguswa kwa kidole. Bunduki ya boliti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani ya chemba, isafiri boliti ikiwa imetolewa na kulazwa pembeni yake, na ile ya marisau inayofunguka katikati ni afadhali itenganishwe mtutu na kitako, kwani mkaguzi akifungua kifuniko anaona mara moja kwamba haiwezi kufyatuka. Sponji izibane sehemu zote ili zisigongane. Kwa wanaomiliki masanduku yale yasiyopitisha maji, kuna jambo dogo ambalo watu wengi hulijua wakiwa wamekwisha fika. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa iliyofungiwa humo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na sanduku likishafika pwani kifuniko hunyonywa kwa ndani na kugoma kufunguka. Ndiyo kazi ya ile skrubu ndogo karibu na mkono wa sanduku. Ilegeze, hewa iingie, kifuniko kitaachia.

Risasi zina kanuni zake. Viwango vya kimataifa vya bidhaa hatari vinamruhusu abiria, kwa idhini ya shirika la ndege, kupakia risasi za matumizi yake mwenyewe zisizozidi kilo 5 pamoja na kifungashio chake, nazo zikae kwenye mizigo ya chini tu. Boksi moja la risasi 25 za shotgun ya geji 12 lina uzito wa zaidi ya kilo moja, kwa hiyo maboksi manne yanakufikisha karibu na mpaka. Mume na mke wanaosafiri pamoja hawaruhusiwi kuziunganisha kilo zao katika kifurushi kimoja. Risasi zikae kwenye boksi la kiwandani au lenye vyumba, kila moja mahali pake, si kumwagwa kwenye soksi au mfuko wa plastiki. Nchini Marekani boksi hilo linaweza kuwekwa katika sanduku lilelile la bunduki, lakini mashirika mengi ya kwingineko hutaka litengwe, nami naona kutenga ni salama zaidi popote. Wenye magobore, ambao vijijini kwetu si wachache, wajue kwamba silaha yenyewe inaweza kukubaliwa lakini baruti na fataki zake haziruhusiwi kabisa kwenye ndege ya abiria, kwa mizigo ya chini wala ya mkononi.

Usiku kabla ya safari kung'uta begi la mkononi, koti na kila mfuko wa suruali uliyowahi kuivaa porini. Risasi moja iliyosahaulika kwenye mshono wa begi huleta matatizo makubwa kuliko bunduki nzima iliyotangazwa.

Siku yenyewe ongeza walau saa moja juu ya muda wako wa kawaida, na kama unatoka mjini kupitia Kirumba na Pasiansi, usisahau foleni ya asubuhi. Sanduku lisiwe na maandishi wala picha inayotangaza kilichomo. Ukifika mlangoni, usiliweke kwenye mkanda wa mashine. Simama kando, msogelee askari au mkaguzi, na useme kwa sauti ya kawaida isiyofika kwa abiria wengine: "Shikamoo afande, ndani ya sanduku hili kuna silaha yenye leseni, haina risasi, na nyaraka zake ni hizi." Ukianza na neno "bunduki" kwa sauti kubwa, kila kichwa kitageuka. Ataita polisi wa uwanja, na hapo omba ukaguzi ufanyike kwenye chumba cha pembeni. Wewe fungua kufuli, kisha rudi hatua moja, usiiguse silaha mpaka uambiwe. Ukiambiwa uonyeshe chemba, mdomo wa mtutu uelekee ukutani na kidole kikae mbali na kifyatulio. Namba ikishalinganishwa na kuandikwa kwenye daftari, funga mwenyewe, vuta kona za sanduku mbele yao, na uombe stakabadhi ya mzigo yenye jina lako. Usiondoke kwenda kunywa chai mpaka uambiwe kwamba sanduku limepokelewa kwa ajili ya kupakiwa.

Wanaovuka mpaka wana mzigo wa ziada. Leseni ya Tanzania haina nguvu Nairobi wala Entebbe, ingawa sote tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kibali cha kuingiza silaha katika nchi unayokwenda kipatikane kabla ya kuondoka. Ukibadilisha ndege katika nchi ya tatu, hata kwa saa mbili, nchi hiyo nayo inaweza kudai kibali chake, kwa hiyo tafuta safari isiyo na kituo katikati hata ikiwa ghali kidogo.

Ukifika, sanduku huenda lisije kwenye mkanda pamoja na mabegi mengine bali likabidhiwe kwako na polisi. Ulizia mapema badala ya kusubiri mpaka ukumbi uwe mtupu. Usilifungue ukumbini. Kagua kufuli kwa nje, na kama kuna iliyokatwa au kukwaruzwa, sema hapohapo mbele ya polisi kabla hujaweka sahihi ya kupokea. Kisha toka moja kwa moja hadi mahali penye mlango wa kufunga, fungua, hesabu risasi, futa chuma kwa kitambaa chenye mafuta, na uache kifuniko wazi kwa muda ili sponji ikauke, kwa maana joto la pwani na unyevu uliobaki humo hutia kutu kabla ya siku ya mashindano.