Hadithi iive na mchuzi: jinsi ya kusimulia asili ya chakula ukiwa jikoni

Kosa la kila anayeanza kazi hii ni moja: anapika, anapakua, kisha anaanza kuhutubia. Watu wana njaa, chakula kinapoa, hakuna anayesikiliza. Hadithi na sufuria viende pamoja. Nitatumia mfano wa vindaloo, mchuzi mkali wa Goa, India, lakini utaratibu ni uleule kwa chakula chochote.

Hatua ya 1: Chagua chakula chenye nafasi ya kuongea

Kiwe kinatokota walau nusu saa bila kuhitaji mwiko wako kila mara. Chakula cha kukaanga haraka hakifai, utaunguza kimoja kati ya viwili.

Hatua ya 2: Kifumue

Andika viungo, kila kimoja na mstari wake: nyama, siki, kitunguu saumu, pilipili manga, bizari nyembamba, mdalasini, pilipili kavu nyekundu. Kisha kiulize kila kimoja: umetoka wapi, na nani alikuleta?

Pilipili nyekundu ndiyo itakayokushangaza. Asili yake ni Amerika. Kabla ya Columbus kuvuka Atlantiki mwaka 1492, hapakuwa na mpishi wa India aliyewahi kuionja. Ukali wa mchuzi ulitokana na vitu kama pilipili manga na tangawizi. Na tazama Kiswahili chetu: pilipili na pilipili manga, kana kwamba ni ndugu, kumbe ni mimea miwili isiyohusiana kabisa. Wahispania nao waliteleza vivyo hivyo, wakaiita ile ngeni pimiento kwa kuifananisha na pimienta waliyoizoea.

Hatua ya 3: Lifuate jina

Wareno waliiteka Goa mwaka 1510. Walikuwa na chakula chao, carne de vinha d'alhos, yaani nyama iliyolowekwa kwenye divai na kitunguu saumu. Huko Goa divai ikapisha siki ya tembo la mnazi, viungo vya kienyeji vikaingia, pilipili ya Amerika ikaingia, na vinha d'alhos ikageuka vindaloo.

Hapa kuna kichekesho. Kwa Kihindi, kiazi ni aloo. Basi wapishi wengi wakasikia "aloo" mwishoni mwa jina, wakatia viazi. Mimi sivitii. Hakuna jioni inayopita bila mtu kuuliza viazi viko wapi, na swali hilo ndilo mlango wangu wa kuingilia hadithi ya jina. Ukiwa na mtego kama huo, usiuharibu kwa kueleza mapema.

Hatua ya 4: Chekecha ngano

Nilishawahi kusimulia, kwa kujiamini kabisa, kwamba mkate wa croissant ulibuniwa na waokaji wa Vienna baada ya Waturuki kushindwa mwaka 1683. Mzee mmoja mezani akauliza kwa upole: "Nani aliliandika hilo, na lini?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo najiuliza mwenyewe kabla sijaulizwa.

Dalili ya ngano, yaani hadithi ya kubuni, ni chakula kizima kupewa mtu mmoja na siku moja. Inasemwa Marco Polo ndiye aliyeleta tambi Italia kutoka Uchina. Alirudi Venice mwaka 1295. Lakini al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154, tayari anaeleza tambi zikitengenezwa Trabia, kisiwani Sicily, na kusafirishwa kwa meli. Usiitupe ngano, lakini. Isimulie kwa madoido yote, waache waiamini kidogo, kisha uivunje kwa tarehe.

Hatua ya 5: Panga maneno kwa saa ya jiko

Loweka nyama usiku uliotangulia. Mbele ya wageni, changanya bakuli la pili dogo ili waone, kisha upike lile la jana.

Kabla ya kuwasha moto, zungusha kisahani. Kila mtu atafune punje moja ya pilipili manga. Wape muda. Kisha waguse pilipili nyekundu kwa ncha ya ulimi. Ukali wa kwanza una harufu; wa pili unauma tu. Wakiwa bado wanahema, taja 1492. Hawataisahau.

Vitunguu vikiingia kwenye mafuta, nyamaza. Kelele za mafuta zitakushinda, na harufu inafanya kazi yako. Ukishafunika sufuria na kupunguza moto, hapo ndipo pa hadithi ndefu: Lisbon, bahari, Goa. Wakati wa kupakua, sentensi moja inatosha.

Hatua ya 6: Sema ulichobadilisha

Asili ya chakula hiki ni nyama ya nguruwe. Mimi hutumia mbuzi ili kila mgeni ale, na ninalisema wazi mapema. Ukificha badiliko lako, umeanzisha ngano mpya.

Hatua ya 7: Funga mdomo

Sahani zikijaa, uliza tu: "Nani alikufundisha kupika?" Kisha sikiliza. Na mtu akiomba aongezewe wakati bado hujawafikisha Wareno Goa, mpakulie kwanza.