Namna ya kupima mifuko ya fizi: mwongozo kwa wanafunzi wa afya ya kinywa na meno

Mwanafunzi anapoingia kliniki kwa mara ya kwanza, mkono wake huwa na hamu ya kukwangua. Ugaga, yaani ukoga uliokauka na kuwa mgumu kwenye jino, unaonekana, mgonjwa mwenyewe ameulalamikia, na ukishatoka jino hubaki safi mbele ya macho ya wote wawili. Kupima fizi hakuna furaha ya namna hiyo. Ni tarakimu sita kwa kila jino, kwa hiyo mgonjwa mwenye meno 28 humpa mwanafunzi tarakimu 168 za kuandika kabla hajagusa chombo cha kukwangulia. Hata hivyo, tarakimu hizo ndizo zinazoonyesha mahali pa kukwangua, kina cha kufikia, na mgonjwa yupi anapaswa kupelekwa kwa daktari. Anayekwangua bila kupima husafisha kile anachokiona tu, ilhali ugonjwa wa fizi hukaa pale pasipoonekana.

Fizi yenye afya haishiki jino hadi ukingoni kabisa. Kati ya ukingo wa fizi na jino kuna kijifereji ambacho probu, kijiti chembamba cha kupimia chenye alama za milimita, hukisoma kuwa na kina cha milimita 1 hadi 3. Chini ya kijifereji hicho kuna utando mwembamba wa seli ulioshika jino, chini ya utando huo kuna nyuzi za tishu zinazoufunga mzizi na fizi, na chini yake zaidi umo mfupa wa taya. Ukoga, ule utando laini wa vijidudu unaojikusanya kwenye meno, ukiachwa ukingoni, fizi huvimba na kuwa nyekundu. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake nchini Denmark walichapisha utafiti ambamo watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno, na wote wakapata uvimbe wa fizi ndani ya siku 10 hadi 21; waliporudia kusafisha, fizi zilipona kwa takriban wiki moja. Hatua hiyo ya ugonjwa hurekebishika. Lakini kwa baadhi ya watu uvimbe hushuka chini, utando ule hubanduka, nyuzi hukatika na mfupa hulika, na kijifereji hugeuka kuwa mfuko ambao mswaki hauwezi kuufikia. Mfupa uliopotea kwa njia hiyo, kwa kawaida, haurudi.

Jambo ambalo ningependa mwanafunzi alishike kuliko mengine yote ni kwamba kina cha mfuko na upotevu wa mshikamano, yaani kiasi ambacho tishu zinazolishika jino zimeachana na mzizi, ni vitu viwili. Kina hupimwa kuanzia ukingo wa fizi hadi chini ya mfuko. Ukingo huo husogea: hupanda fizi inapovimba na hurudi nyuma inapopungua. Upotevu wa mshikamano hupimwa kuanzia mpaka wa mzizi na enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, na mpaka huo hausogei maisha yote ya jino. Chukua mfano wa magego mawili. La kwanza lina kina cha milimita 5, lakini fizi imevimba na kuufunika mpaka wa enameli kwa milimita 3; toa 3 katika 5, upotevu ni milimita 2. La pili lina kina cha milimita 2 tu, ila fizi imerudi nyuma na kuuacha mzizi wazi kwa milimita 4. Jumlisha, upotevu ni milimita 6. Nimeona chati nyingi ambamo tarakimu 5 ya gego la kwanza imezungushiwa kalamu nyekundu, na 2 ya gego la pili ikapitwa kana kwamba ni afya tupu. Gego la pili ndilo lililopoteza tegemeo kubwa zaidi, na kama chati haina safu ya fizi iliyorudi nyuma, hakuna atakayelijua hilo mwakani.

Kabla ya kushika probu

Maswali huja kwanza, kwa sababu kupima kwenyewe kunaweza kutoa damu. Muulize mgonjwa kama ana valvu ya moyo ya bandia au kama aliwahi kuugua maambukizi ya utando wa ndani wa moyo. Akijibu ndiyo, weka probu chini hadi daktari aamue kuhusu dawa ya kinga. Uliza kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda, kisukari, ujauzito na tumbaku. Uliza pia dawa za shinikizo la damu na za kifafa kwa majina yake, maana nifedipini na fenitoini zinaweza kuikuza fizi hadi ikafunika nusu ya jino, na mfuko utakaoupima hapo unaweza kuwa wa fizi iliyokua tu, bila mfupa uliopotea.

Mtu mzima asalimiwe kabla kiti hakijalazwa, na aelezwe kitakachofanyika. Maneno hayahitaji kuwa mengi: "Shikamoo mama. Leo nitapima fizi zako kwa kijiti hiki chenye alama. Utasikia kama kinakugusagusa. Ukisikia maumivu, nyanyua mkono wa kushoto, nami nitaacha mara moja." Ukishaahidi, timiza. Mgonjwa aliyenyanyua mkono asisikilizwe hukaza mashavu na ulimi, na vipimo vyote vinavyofuata huwa vya kubahatisha.

Ijue probu uliyopewa kabla hujaiingiza kinywani. Probu ya Williams ina alama za milimita 1, 2, 3, 5, 7, 8, 9 na 10; alama za 4 na 6 zimeachwa makusudi ili macho yasichanganyikiwe, na anayehesabu mistari bila kulijua hilo huandika 4 mahali pa 5. Probu ya Shirika la Afya Duniani ina kitone chenye kipenyo cha milimita 0.5 kwenye ncha, na mkanda mweusi unaoanzia milimita 3.5 hadi 5.5. Hiyo ni nzuri kwa uchunguzi wa haraka, si kwa chati kamili.

Mkono unavyotembea

Shika probu kwa wepesi kama kalamu, huku kidole cha pete kikiegemea jino la jirani ili mkono usiyumbe. Nguvu inayotakiwa ni gramu 20 hadi 25. Ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na njia bora ninayoijua ya kuifundisha ni mizani ya kidijitali ya jikoni: gandamiza ncha ya probu juu ya sahani ya mizani hadi isome 25, inua, rudia mara 20, kisha fumba macho na urudie hadi mkono wenyewe ukumbuke. Ukizidisha nguvu, ncha hupenya ule utando wa seli na kuzama kwenye tishu, nawe utaandika ugonjwa usiokuwepo. Fizi iliyovimba hupenyeka kwa urahisi zaidi, na hiyo ni sababu moja ya kina kupungua baada ya matibabu hata kabla ya tishu kujijenga upya.

Anza na jino la mwisho la nyuma. Ingiza ncha kwenye kona ya nyuma ya jino, upande wa shavu, probu ikiwa sambamba na mhimili wa jino na ncha ikiligusa jino muda wote. Ishushe taratibu hadi uhisi kitu kinachorudisha kama mpira laini. Soma. Usiitoe, inyanyue milimita 1 au 2, isogeze mbele kidogo, ishushe tena, na uendelee hivyo, kama mtu anayetembea kwa hatua fupi, hadi kona ya mbele. Kati ya hatua hizo zote unaandika tarakimu tatu: ile iliyo kubwa zaidi katika kona ya nyuma, ya katikati, na ya kona ya mbele. Kisha unafanya hivyo hivyo upande wa ulimi, au wa kaakaa kwa meno ya juu. Ukingo ukiangukia kati ya alama mbili, andika iliyo kubwa. Kuchoma mahali patatu tu na kusonga mbele ni kosa kubwa, kwa kuwa mfuko unaweza kuwa mwembamba kama ufa, wenye milimita 8 mahali pamoja na 2 pembeni yake.

Sehemu ngumu ni kati ya jino na jino. Mfuko wenye kina kikubwa mara nyingi umo chini kabisa ya mahali meno mawili yanapogusana, na probu iliyosimama wima haifiki hapo. Iegemeze kwenye mahali meno yanapogusana, kisha ilaze kidogo ili ncha iingie chini yake. Nasema kidogo, kwa sababu ikilala sana hupima mshazari na tarakimu huongezeka bila sababu.

Ukihisi umegonga kitu kigumu, usiandike bado. Chini ya mfuko hakugongi. Ugaga ndio unaogonga. Sogeza ncha mbali na jino kidogo, pita juu ya ugaga, kisha rudi kwenye mzizi na uendelee kushuka. Wakati mwingine 3 ya kwanza hugeuka 7. Kama ugaga ni mwingi kiasi cha kuifungia probu njia, andika hivyo kwenye chati, ondoa ule mkubwa wa juu, na upime upya mgonjwa atakaporudi.

Hapa niseme neno kuhusu madoa, hasa kwa wanaojifunza Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Maji ya sehemu nyingi za huko yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake yanajengeka hupata enameli yenye rangi ya kahawia, na ikizidi, yenye vishimo. Nilimkuta mwanafunzi akikwangua meno ya mbele ya kijana aliyekulia karibu na mlima Meru, kwa bidii ya kweli, akidhani ni ugaga. Fizi za kijana huyo zilikuwa nzima, na probu ingemwonyesha hivyo kwa dakika moja. Pitisha ncha juu ya doa: ugaga hunyanyuka juu ya jino na ncha huukwaa, ilhali doa la floridi limo ndani ya enameli yenyewe, na palipo na vishimo ncha huzama. Kulikwangua ni kulipunguza jino.

Damu, panda na jino linalocheza

Ukimaliza upande mmoja wa taya, rudi uangalie palipotoka damu, maana inaweza kuchukua hadi sekunde 30 kuonekana. Weka nukta juu ya kila sehemu iliyotoa damu. Zikiwa sehemu 42 kati ya 168, hiyo ni asilimia 25. Kwa mujibu wa uainishaji wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018, kinywa ambacho hakijapoteza mshikamano huhesabiwa kuwa na afya ya fizi ikiwa damu imetoka kwenye chini ya asilimia 10 ya sehemu zilizopimwa. Damu kutoka mahali pamoja haithibitishi kwamba ugonjwa unaendelea hapo, lakini pasipotoa damu kila unapopima, unaweza kuamini kwa kiasi kikubwa kwamba pametulia. Isipokuwa kwa mvuta sigara: fizi zake hutoa damu kidogo hata zinapougua, kwa hiyo kwake tegemea zaidi kina na picha ya eksirei.

Kwenye magego, tumia probu iliyopinda ya Nabers kutafuta kama ncha inaingia kwenye panda ya mizizi, yaani mahali mizizi ya gego inapogawanyika. Kuingia chini ya milimita 3 ni daraja la kwanza, kuzidi hapo bila kutokea upande wa pili ni la pili, na kupita moja kwa moja ni la tatu. Kulegea kwa jino kupimwe kwa mipini ya vyombo viwili, kimoja kila upande. Nyama laini ya kidole hudanganya.

Tarakimu zikishakamilika, kazi hujipanga yenyewe. Milimita 1 hadi 3 bila damu huhitaji mafunzo ya usafi na pongezi. Milimita 4 au 5 zenye damu huhitaji kusafishwa chini ya fizi. Milimita 6 na kuendelea, panda iliyo wazi, au jino linalocheza, mwonyeshe daktari kabla hujaanza. Upotevu wa mshikamano kati ya meno, pale ulipo mkubwa zaidi, ndio unaotoa hatua ya ugonjwa: milimita 1 hadi 2 ni hatua ya kwanza, 3 hadi 4 ya pili, na 5 au zaidi ni ya tatu au ya nne.

Baada ya kusafisha chini ya fizi, usirudishe probu mapema. Subiri angalau wiki 4 hadi 6, kwa kuwa tishu zinazojishika upya kwenye mzizi hukatika kwa urahisi. Utakapopima, mfuko wa milimita 6 unaweza kusoma 3, na sehemu ya ushindi huo itatokana na fizi kunywea na kurudi nyuma. Mgonjwa haoni 3 yako. Anaona jino lililorefuka na hisia kali akinywa maji baridi, na ana haki ya kudhani kwamba umemharibu. Mwambie siku ya kwanza, chati ikiwa mkononi: "Mama, uvimbe ukiisha fizi itashuka kidogo na meno yataonekana marefu. Mzizi huo ulikuwa wazi tangu zamani, uvimbe ndio uliouficha." Kisha andika kwenye faili kwamba umemweleza, na tarehe.