Kupima korona kwa popo wa mjini bila kumshika popo

Wanafunzi wanaokuja kwangu hapa Morogoro huulizia kwanza nyavu. Acha nyavu. Popo hawa wakubwa wa matunda wanaolala mitini katikati ya mji (Eidolon helvum) hudondosha chini karibu kila unachotaka, maana virusi vya korona vya popo hupatikana zaidi kwenye kinyesi.

Kibali cha utafiti wa wanyamapori kinapitia TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania. Ukishakipata, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mwenye kiwanja kabla hujaonekana na vifaa. Watu wakikuta mmevaa barakoa na miwani chini ya mwembe, saa nne mtaa mzima una habari ya ugonjwa, na kesho yake kuna mtu ameshika shoka.

Popo huondoka magharibi na kurudi kabla hakujapambazuka. Tandika nailoni safi mnamo saa kumi alfajiri, vipande vya mita moja kwa mita moja, viachane kama mita mbili. Kukikucha, chukua tone moja tu kwa kila kipande. Ukizoa matone kumi chini ya tawi moja, huenda umempima popo yuleyule mara kumi.

Gusa kinyesi kibichi kwa kijiti chenye pamba, kitie kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi RNA (chembe za urithi za virusi), vunja kijiti, funga. Andika lebo kwa penseli; spiriti inafuta wino. Vichupa viingie kwenye deli la barafu papo hapo, na maabara viwekwe nyuzi hasi 80. Vaa barakoa ya N95, miwani na glavu. Barakoa inamkinga popo pia, asije akaambukizwa korona yetu sisi. Mwenye mafua abaki nyumbani, hata kama ndiye dereva.

Maabara tunatumia RT-PCR, kipimo kinachozidisha nakala za urithi wa virusi hadi zionekane, inayolenga jeni la RdRp (la kimeng'enya kinachonakili RNA ya virusi), kwa sababu lina sehemu zinazofanana kwa korona nyingi. Hapa ndipo wengi hukwama: kinyesi cha mla matunda kimejaa mabaki ya mimea yanayozuia kipimo, ukapata hasi ya uongo. Weka kidhibiti cha ndani, yaani RNA unayoijua ya kuthibitisha kuwa kipimo kimefanya kazi, katika kila sampuli. Kisipoonekana, zimua RNA mara 10 urudie.

Safari moja haitoshi. Rudi kila mwezi, mwaka mzima, na usikose majira watoto wanapoachishwa kunyonya. Katika makundi mengi ya popo yaliyochunguzwa, virusi hupanda kipindi hicho.

Sampuli ikiwa chanya, soma mfuatano wa jeni kabla ya kumwambia mtu yeyote. Korona inayojulikana sana kwa popo hawa iko katika kundi la Nobecovirus, tofauti na Sarbecovirus yenye virusi vya UVIKO-19. Mwenyekiti mweleze hivyo hivyo, kisha mwambie watoto wasiokote maembe yaliyoumwa na popo, na anayefagia chini ya mti amwagie maji kwanza vumbi lisipande.